Sura ya Kwanza na Watu Wasioelewa

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa tasnifu yangu amenirudishia sura ya kwanza. Pembeni kaandika neno moja tu: "Yaani?" Mara kumi na nne! Nimeuliza kama ni sifa. Kasema Ijumaa nakaa mbele ya jopo. Wasiponielewa, nafutwa masomo. Nimeduwaa. Mbona nimeandika kitaalamu?

Jumanne, 5 Machi
Kasoro nimeiona: sura haina uzito. Sentensi ya kwanza sasa ina mistari kumi na mmoja. Nukta nimefuta, zinamkatiza msomaji. "Kimuktadha" nimeongeza mara tisa. Mwanafunzi mwenzangu, tunayemwita Mkato, kasema yeye anapunguza maneno. Maskini, kaishiwa.

Jumatano, 6 Machi
Nimemsomea dada, fundi cherehani, akipinda suruali. Ukurasa wa tatu kajidunga sindano. Mshangao? Hapana, kasema, usingizi. Kisha: "Mdogo wangu, hao wagonjwa uliowahoji wamekwambia nini hasa?" Nikamjibu kwa mdomo tu: nimewauliza mia moja na sitini kwa nini hawakurudi kliniki, mia moja na kumi na wawili hawakuambiwa tarehe ya kurudi. Dada akasimamisha cherehani. Kumbe mama naye alikosa matibabu ya jicho hivyohivyo. Kasema niandike kama nilivyosema. Nimecheka. Hayo ni maongezi, si utafiti!

Ijumaa, 8 Machi
Jopo. Nimesoma dakika kumi. Mwenyekiti kaomba nirudie. Nikautafuta mwanzo wa sentensi, sikuuona. Jasho! Kwa hofu yakanitoka yale niliyomjibu dada. Daktari mmoja wa jopo kashika kalamu, kasema kuanzia Jumatatu kliniki yake itaandika tarehe kwenye kila kadi. Nimepita! Sharti: maneno yale yafungue sura. Mkato kanikumbatia. Sijui kwa nini.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari, nimeelewa. Dakika kumi za mwanzo ndizo zilizowalainisha. Maneno waliyoyataka nimeyaweka mwanzoni, mimi ni mtiifu. Ila yalikuwa uchi mno, nimeyavika. Sasa ni mistari kumi na tisa. Tarehe nimeiita "kiashiria cha kiwakati cha mrejeo". Wale mia moja na kumi na wawili nimewaondoa. Namba huwachanganya watu.