Foto za Mutoto wa Kasomeno

Lundi, 8 juin
Bénie mwanangu, nakuandikia hapa vyenye siwezi kukutumia. Papa yako Donat anakusalimia, anakohoa kidogo. Daniella mudogo yako anakusalimia. Elisée ndugu yako anakusalimia. Mama Kangwa jirani, wa parcelle ya nyuma anakusalimia, hata kuku yake nyeusi, ile mwizi. Siye wote tuko bazima. Wasiwasi tu!

Simu yako ilianguka mu maji, na David bwana yako ni mukwe wangu, siwezi kumupigia hovyo. Haya! Anasema siku ya batizo na foto za mutoto wenu ataweka mu serveur ya kazi yake. Ni kama depo iko mbali. Na nkambo, ni kusema bibi ya mutoto, mwenye kufika kwenu Kasomeno wa kwanza, njo atabeba mutoto mbele ya padiri. Eti mi na Clotilde, mama yake, tuache kugombana. Yo! Ametuweka mu mashindano!

Mardi
Nimepata akili! Estelle wa dada yangu alisoma informatique, mambo ya kompyuta. Amefundisha mashini yetu, ordinateur: kila saa iende yenyewe ku serveur, ilete vitu vyenye vimefika nyuma ya safari yake ya mwisho. Vya zamani iache. Akasema, tantine, usiguse kitu. Sijagusa. Nilisogeza tu saa ya mashini masaa mbili mbele, sababu papa yako anaangaliaka pale na anachelewaka misa.

Mercredi
Mashini kimya. Mutoto anagonjwa? Sijakula.

Jeudi
Kimya. Ku soko ya Kenya, hapa Lubumbashi, nimekuta bokilo wangu, mama ya mukwe, Clotilde, ananunua kitambaa nyeupe. Ya nini, bokilo? Eti ya rideau. Mita moja! Dirisha yake ni ya panya?

Vendredi
Nimeita Estelle. Ameangalia, ameshika kichwa. Nani alisogeza saa? Kumbe mashini iliwaza safari yake ya mwisho iko mbele, kila kitu kipya ikakiona kimezeeka, ikakiacha kulekule. Akarudisha saa, akaituma ianze tena tangu mardi. Foto zikamwagika! Mutoto anapiga miayo, masikio ni yangu. Na neno la David, la tangu mercredi: batizo ni dimanche, kesho kutwa!

Nimekimbia ku parking ya basi. Clotilde amekaa ndani tayari, kibeti juu ya kiti ya pembeni. Nilitaka kulia. Akaondoa kibeti. Akanigombeza: ameacha basi mbili zimeenda, ananingojea. Eti Kasomeno atagombana na nani?

Lundi, 15 juin
Uliona mwenyewe: padiri alipokea mutoto mu mikono ine, ya siye nkambo wawili. Mi na Clotilde sasa ni kama badada. Hata Estelle amemuwekea mashini kama yangu.

Lakini mutoto akikuja Lubumbashi, atalala kwanza kwa nani? David ataandika siku mu serveur. Njo nimesogeza saa ya ordinateur masaa tatu mbele, mashini yangu ifike kule mbele ya ya Clotilde. Estelle asijue!

Tangu asubuhi iko kimya. Sijui ina nini tena. Bénie, mutoto anagonjwa? Tuma neno mbio, mama.