Magurudumu Manne ya Roda

Lusweti, fundi wa pancha kwenye barabara ya kwenda Shinyalu, alikuwa na jicho moja la kuona gari na lingine la kuona mjinga. Asubuhi hiyo yote mawili yaling'aa. Gari dogo jeupe lilijikokota hadi kibandani, gurudumu moja limelegea, lakini matairi yote manne meusi tititi, mistari yake kama ya dukani.

Akashuka mama mmoja, Roda, amevaa sare ya kanisa.

"Fundi, najazanga upepo asubuhi, jioni gari imekaa chini. Shida ni nini?"

Lusweti alinyunyiza maji ya sabuni, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Hakuona povu, kwa sababu hakuangalia.

"Pole, mama. Hili lina msumari wa zamani. Lile, valvu imepasuka. La tatu, rimu imeliwa na kutu, upepo unatokea ukingoni. La nne..." Akashusha sauti. "Limechanika ubavuni. Ukiteremka Shinyalu na haya, tutakuja kukuimbia."

"Uwi! Na watoto wangu?"

Huruma ikamjaa Lusweti, ile huruma yake ya kazini. Angempa magurudumu yake manne, pamoja na rimu zake, bure kabisa. Yeye abaki na hayo mabovu, ayauze kama chuma chakavu. Hakumwambia kwamba Ignatius wa Kabras alikuwa akitafuta matairi mapya, na arubuni aliyomtangulizia Lusweti ilikuwa imeshaliwa.

"Mungu akubariki, fundi," Roda alisema baada ya kubadilishiwa, akaondoka kwa kasi ambayo hakuja nayo.

Kesho yake Ignatius, aliyekwisha kuambiwa kuna matairi mapya, alikuja kuyachukua, akakuta magurudumu yote manne yamelala. Lusweti alipangusa moja. Kiganja kikawa cheusi kwa rangi ya viatu. Ile mistari ilikuwa imechongwa kwa kisu cha moto. Akamwaga maji ya sabuni, safari hii akiangalia kweli. Povu likatoka kwenye msumari. Likatoka kwenye valvu. Likatoka ukingoni mwa rimu, kisha ubavuni. Magonjwa yote aliyoyatunga yalikuwepo.

Basi, kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda, akamwambia mteja ukweli.

"Ndugu yangu, usiyachukue. Yamekufa."

"Umepata mwenye bei kubwa, siyo?" Ignatius akasema. "Jana mapya, leo maiti?"

Akainua mashine ya Lusweti ya kujaza upepo, akaitupa ndani ya pikapu yake badala ya arubuni, akawasha injini.

"Yakifufuka, nipigie simu."