Kisanduku cha Kuwauliza Wadukuzi

Idara ya Kumbukumbu za Watumishi inayo furaha kuutangazia umma kwamba mlango wa mfumo wake, ule ambao watu na kompyuta za ofisi nyingine huupitia kuomba taarifa, sasa haudukuliki abadani. Kila anayeingia huulizwa kwanza: "Je, wewe ni mdukuzi?" Huweka alama kwenye Ndiyo au Hapana. Kwa miezi mitatu hakuna hata mmoja aliyejibu Ndiyo. Mafanikio hayo, alisema Mkurugenzi, yanajieleza yenyewe.

Aliyetaka kuharibu shughuli ni fundi wa mfumo, mama wa watoto wawili, asiyejua kufunga mdomo hata kidogo. Alimfuata Mkurugenzi ofisini, kompyuta mkononi.

"Bosi, tazama. Hapa naomba faili langu, namba mia nne na kumi. Nikibadilisha namba tu, linakuja la mtu mwingine. Mfumo hauulizi namba ni ya nani."

"Sasa wewe namba ya mwenzio unaitakia nini?"

"Si mimi, bosi. Mwizi."

"Mwizi angeweka alama kwenye Ndiyo."

Fundi akashusha pumzi. "Nipe siku mbili tu nilizibe tundu hili."

Mambo mazito hayaendi kwa pupa. Iliundwa kamati, ikanywa chai vikao saba, ikabaini kwamba kabla fundi hajasema, tundu hilo halikuwemo kwenye ripoti yoyote. Kwa hiyo aliyelionesha ndiye aliyelitoboa. Alisimamishwa kazi, akanyang'anywa nywila, akaagizwa aje kumwomba radhi Mkurugenzi hadharani siku ya uzinduzi rasmi wa mfumo. Asipoomba, kazi hana.

"Radhi ya kosa gani?" alimfokea mumewe jioni, machozi yakimlengalenga.

"Mama watoto, mkono usioweza kuukata, ubusu."

Basi akapiga pasi gauni, akaenda.

Ukumbi ulijaa hadi pomoni. Mkurugenzi akamkaribisha Waziri mbele ya skrini kubwa. "Mheshimiwa, andika namba yoyote. Utaona unavyokataliwa."

Waziri akaweka alama kwenye Hapana, akaandika moja. Namba moja, kwa heshima ya cheo, Mkurugenzi alikuwa amejipa mwenyewe.

Faili likajitandaza ukuta mzima. Waziri akalisoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma risala. "Tarehe ya kuzaliwa: imerekebishwa mara tatu. Kumbe, ndugu yangu, ulipaswa kustaafu miaka sita iliyopita?"

Watu wakaangua kicheko. Waziri, aliyekwisha kunogewa, akaandika mbili, na Naibu Mkurugenzi akaanza kutafuta pa kutokea.

"Dada yangu!" Mkurugenzi alimgeukia fundi, jasho likimchuruzika. Tangu aajiriwe, fundi hakuwahi kuitwa dada na mtu yule. "Funga mfumo! Upesi, nakuomba!"

Fundi akasimama, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

"Naomba radhi, bosi. Nimesimamishwa kazi."