Bomba, Ndagala na Kurasa za Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Maharage yameungua. Si kosa langu peke yangu. Mwandishi wa riwaya naye hakupaswa kumwacha shujaa juu ya daraja linalokatika. Mama alirudi kutoka kazini, dukani mtaa wa Asiatique, akanusa tangu barabarani, akala hivyo hivyo. Kisha akaifungia riwaya kabatini. Bado kurasa ishirini! Na Jumatatu ijayo lazima irudi maktaba ya shule.

Akatoa amri. Hapa mtaani Kamenge maji ya bomba hutoka yanapotaka, kwa hiyo kazi ya kuyavizia ni yangu. Bidoni, madumu yetu ya maji, zikijaa kila jioni hadi Jumapili, siku ya Mungu, nitarudishiwa kitabu. Mdogo wangu Joëlla alitikisa kichwa kama hakimu.

Jumatano, 5 Machi

Jana nilikodolea bomba macho tangu nitoke shule. Kavu. Nikaingia ndani kunywa uji, maji yakaja. Joëlla akajaza, akasifiwa.

Leo nimetumia akili. Nimeacha bomba wazi, chini yake nikapindua kopo la nyanya. Maji yakija, kopo litalia, nami nitaacha kusoma kamusi (sikubakiwa na kitabu kingine). Jioni kopo likalia! Nikatoka mbio na bidoni. Majirani waliponiona wakatoka mbio na zao. Tukapanga foleni ndefu mbele ya bomba kavu.

Ilikuwa mvua. Mzee Mawazo, aliyejifunga taulo tu, akaniuliza kama shuleni hawajatufundisha mvua inatoka wapi. Hata hiyo mvua hatukuikinga. Bidoni zina midomo midogo.

Alhamisi, 6 Machi

Kiongozi mzuri hugawa kazi. Nimepatana na Joëlla: yeye avizie maji, mimi nimpe ndagala zangu, yaani dagaa, za chakula cha jioni. Bidoni zilijaa zote! Mama akaniwekea mkono kichwani. Niliona haya, lakini si sana.

Mezani akaona sahani yangu haina samaki. Akauliza. Joëlla, mdomo umejaa, akasema ni Kwaresima, nimejinyima. Macho ya Mama yakalowa. Akasema basi sote tufuate mfano wangu: humu ndani hakuna ndagala hadi Pasaka.

Joëlla amegoma. Hata kuniangalia hataki.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi Mama alikwenda kwenye kazi za jumuiya, kuzibua mitaro. Nikabaki mimi na bomba. Nililiacha wazi, nikaingia chooni na kamusi, kwa muda mfupi tu. Neno moja likanipeleka kwa jingine. Nilipotoka, ua ulikuwa ziwa. Makala ya jirani yetu Mama Adélaïde, makaa yake ya kupikia, yanaelea. Bidoni tupu nazo zinaelea. Na bomba limekauka tena.

Mama alirudi na matope hadi magotini. Akatafuta maji ya kunawa. Akaketi kizingitini, akatumbukiza miguu katika dimbwi langu. Nikamweleza yote, hata habari ya ndagala. Hakupaza sauti.

"Apana bidoni mi nataka, Bonfils," akasema. "Nataka nikikuwa ku kazi, niwaze kazi. Apana nyumba."

Ingekuwa afadhali anichape. Mchana kutwa nimeanika makala ya Mama Adélaïde, kipande kimoja kimoja.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa, harufu. Maharage yameungua! Ila leo zamu ilikuwa ya Mama. Nikamkuta chumbani bado ana nguo za kanisani, riwaya yangu mikononi. Kumbe ameisoma wiki nzima! Alinyoosha kidole nisubiri, akamaliza ukurasa, akafuta machozi. Nikamwuliza kama daraja lilikatika. Akasema tule kwanza.

Tulikula maharage yaliyoungua, bila ndagala. Hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Kisha akanipa kitabu, kwa kuwa kesho kinarudi, ila kwa sharti moja: nisomee pale pale bombani, na bidoni zijae. Akaenda kulala usingizi wa mchana, mara ya kwanza wiki hii. Nimeahidi. Mimi sasa ni mtu mwingine. Mtu wa kutegemewa. Nimekalia bidoni, bomba liko wazi, kitabu gotini, shajara juu ya kitabu.

Soksi zangu zimeanza kulowa, sijui kwa nini. Joëlla anapiga kelele dirishani. Nitamsikiliza nikimaliza sura hii.