Furaha Itaanza Baada ya Hotuba

Wananchi wote wa Puerto Jagua walitangaziwa, kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari la zimamoto, kwamba furaha ya mji ingeanza Jumapili saa kumi na moja na robo jioni, mara tu baada ya hotuba ya Mheshimiwa Meya. Kabla ya hapo ilikuwa marufuku kupiga sufuria, kupuliza honi, kumkumbatia mtu usiyemfahamu, au kulia machozi ya furaha bila fomu yenye muhuri wa meya. Gari la zimamoto lilizunguka mji mara tatu. Wakati huohuo kibanda kimoja kiliungua kule sokoni, lakini hilo lilikuwa suala la idara nyingine.

Tahadhari hizi zilikuwa na sababu. Timu ya mji, iitwayo Kaa, ilikuwa haijafika fainali ya besiboli kwa miaka kumi na tisa, na Jumapili hiyo ilikuwa inacheza na Nyuki wa Sabana Alta mchezo wa saba, wa mwisho. Walikuwa wameshinda mitatu mitatu. Atakayeshinda anakwenda fainali, atakayeshindwa anakwenda nyumbani kwa mama yake. Mheshimiwa Don Rudecindo Almonte, mtu anayeona mbali, aliona kwamba watu wakishinda watafurahi ovyo ovyo, kila mtu kivyake, na furaha isiyo na mwenyewe haimpi mtu kura. Akaunda Kurugenzi ya Usimamizi wa Furaha ya Ushindi.

Mkurugenzi alikuwa Lisensiado, yaani msomi mwenye shahada, Ercilio Polanco. Kabla ya hapo alikuwa Mkurugenzi wa Mafuriko, kurugenzi iliyovunjwa kwa sababu ya ukame. Alikuwa mfanyakazi wa muda kwa miaka kumi na minne, na mkewe, Nereida, alikwishapigilia msumari ukutani wa kutundikia barua ya ajira ya kudumu siku itakapotoka. Msumari ulikuwa umeanza kushika kutu.

"Polanco," Meya alimwambia, "hotuba yangu itangulie. Zikinyamaza sufuria zote mpaka nimalize, Jumatatu unachukua barua yako. Ikilia hata moja, Jumatatu usije."

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

Alielewa sana. Alichokuwa hajamwambia bosi wake ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa Kaa damu. Baba yake alizikwa na kofia ya timu kichwani, kwa wosia wa maandishi. Lakini kwenye fomu ya kazi, pale palipoulizwa ushabiki, Polanco alijaza "hakuna", na tangu hapo alikuwa akishangilia kwa ndani, jambo lililompa vidonda vya tumbo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandikisha bahati. Puerto Jagua, Kaa wakianza kupiga vizuri huku wewe umeegemea mlango, unabaki umeegemea mpaka mchezo uishe, na mchezo ujao unauegemea tena. Chago kinyozi aliwahi kumaliza msimu mzima na ndevu upande mmoja. Basi Meya, ili naye aonekane yumo, akatoa amri kwamba kila tendo la bahati liingizwe kwenye daftari. Ibara ya Saba ilisema wazi: tendo lililoleta matokeo mbele ya mashahidi mia moja ni mali ya mji, na mwenye tendo atalirudia kila mchezo hadi msimu uishe, bila kujali cheo, jinsia wala hali ya hewa. Maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza Meya mwenyewe. Aliona yangependeza gazetini.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Doña Tatica, muuza nyama ya nguruwe ya kukaanga, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori.

"Tendo?" aliuliza Polanco.

"Kugeuka. Zamu ya mwisho ikianza, mimi nawapa uwanja mgongo. Miaka kumi na moja sijaona mchezo ukiisha."

"Huumii moyo?"

"Naumia, mwanangu, utafanyaje? Mwaka ule niliogeuza shingo kidogo tulifungwa. Kaka yangu hajanisamehe mpaka leo." Akamwinamia. "Na Mheshimiwa kaandikisha nini?"

"Mheshimiwa hana tendo la bahati."

"Tunajua," alisema Doña Tatica, akasaini.

Polanco alijifanya hakusikia. Mji mzima ulijua kwamba Meya alikuwa na nuksi. Msimu huo alihudhuria michezo minne, na yote minne Kaa walifungwa, mmojawapo dhidi ya timu iliyokuwa na wagonjwa watano. Ila daftari lilikuwa halina safu ya nuksi.

Jumapili watu elfu nane waliingia uwanjani na sufuria zao, kila moja imefungwa kitambaa kwa mujibu wa kanuni. Meya alikuja na hotuba ya kurasa kumi na moja, akaketi kwenye jukwaa la waheshimiwa, akapungia mkono. Watu wakapunga pia, kwa huzuni. Mpira wa kwanza uliorushwa, Nyuki wakaupiga nje ya ukuta.

"Hata hajakaa vizuri!" mtu mmoja alilia nyuma.

Ilipofika zamu ya tisa na ya mwisho, Nyuki walikuwa na pointi nne, Kaa mbili. Wapigaji wawili wa Kaa walikwishatolewa, akitolewa wa tatu basi kwaheri. Watu walikuwa wanatazama viatu vyao. Meya yeye alikuwa amekula sahani tatu za nyama ya Doña Tatica na kushushia jagi la juisi ya machungwa iliyochanganywa na maziwa, akawa anakunja uso.

"Polanco," alinong'ona, "itifaki."

Itifaki ilikuwa hivi: Mheshimiwa anapotumia maliwato ya jukwaa kuu, ambayo wananchi wanaiita choo, mlango unafungwa kwa nje kwa sababu za kiusalama, Mkurugenzi anashika ufunguo, na hafungui mpaka asikie mlango ukigongwa mara tatu. Meya aliingia na hotuba yake kwapani. Polanco akafunga.

Komeo lilipolia tu, mpigaji wa Kaa akaugonga mpira ukapita katikati ya miguu ya Nyuki wawili, akakimbia mpaka kituo cha kwanza. Aliyefuata akaugonga mpira wa kwanza kabisa aliorushiwa. Sasa walikuwa wawili vituoni, na uwanja ukaanza kunguruma chini kwa chini, kwa mujibu wa kanuni. Akasimama Anyelo Frías, kijana mwenye goti bovu na mama mkali.

Katika watu elfu nane, ni mmoja tu aliyekuwa ameupa uwanja mgongo. Doña Tatica, na karai lake la mafuta likichemka mbele yake, alikuwa anautazama mlango wa choo.

"Polanco. Humo ndani yumo nani?"

"Hakuna mtu, Doña. Ni mambo ya kiusalama."

Ngo, ngo, ngo, ukalia mlango.

Polanco akaingiza ufunguo. Uwanjani Frías akapiga hewa. Akipiga hewa mara tatu ametoka. Polanco akauchomoa ufunguo haraka kana kwamba umemng'ata.

"Nimekuuliza kistaarabu," alisema Doña Tatica. "Yumo nani?"

"Polanco!" sauti ilitoka ndani. "Fungua! Zamu inaisha, hotuba yangu!"

Doña Tatica akajishika kifua. "Mama yangu wee! Ni yeye! Nuksi imefungiwa!"

Habari ikapanda ngazi za jukwaa safu kwa safu, ikashuka upande wa pili, ikafika kwa mchoma mahindi nje ya geti. Vichwa elfu nane vikageuka. Hata mrushaji wa Nyuki akasimama na mpira mkononi kuangalia kuna nini.

Ngo, ngo, ngo! Mkono wa Polanco ulioajiriwa kwa muda miaka kumi na minne ukaenda wenyewe kwenye tundu. Frías akapiga hewa mara ya pili. Uwanja mzima ukaguna kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Lisensiado," Chago kinyozi alimwambia taratibu, mikono juu, "weka ufunguo chini. Nakuomba. Una watoto."

"Kazi yangu iko humo ndani!" Polanco alisema, na sauti yake ikakatika. "Nina msumari ukutani, Chago! Nereida anaufuta vumbi kila Jumamosi!"

"Polanco, nahesabu mpaka tatu!" Meya alifoka. "Moja!"

Polanco akafumba macho. Alimwona Nereida na kitambaa chake. Alimwona baba yake ndani ya jeneza na ile kofia, anatabasamu kidogo, kama mtu aliyesikia matokeo. Miaka kumi na minne ya kushangilia kwa ndani ilikuwa imetosha.

"Mbili!"

"Mheshimiwa," alisema Polanco, "ombi lako linashughulikiwa."

Akautupa ufunguo kwenye karai la mafuta ya moto.

Mpira ulirushwa. Frías akaupiga. Ulipanda, ukapita taa, ukapita ukuta, ukapita tangazo kubwa lenye picha ya Meya, na wapo wanaoapa kwamba ulimpita puani. Watatu wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani, pointi tatu. Tano kwa nne!

Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na moja. Furaha ilitangulia ratiba kwa dakika ishirini na nne, na hakuna aliyeizuia. Vitambaa vilifunguliwa, sufuria elfu nane zikalia kwa pamoja, magari yakapuliza honi mpaka betri zikafa. Doña Tatica aliendelea kutazama choo, analia bila fomu, anauliza, "Imeingia? Niambieni, imeingia?" Polanco alipiga kelele mpaka sauti ikaisha, akamkumbatia mtu asiyemfahamu, wakalia wote wawili kwa muda mrefu. Baadaye ilibainika mwenzake alikuwa shabiki wa Nyuki, analia lake.

Ufunguo haukuweza kuguswa mpaka mafuta yapoe. Gari la zimamoto lenye shoka lilikuwa mbali, linazunguka mji likitangaza kwamba furaha bado haijaanza. Hivyo Mheshimiwa alikaa dakika arobaini na mbili. Alipofunguliwa alitoka na shati limelowa na hotuba ya kurasa nne. Iliingia na kurasa kumi na moja, lakini kwa kuwa maliwato haikuwa na karatasi, hakuna aliyeuliza.

"Polanco," alisema, "Jumatatu usije."

"Sawa, Mheshimiwa." Sauti ya Polanco ilikuwa imekauka. "Ila leo bado ni Jumapili, na daftari liko wazi." Akalifungua. "Jina: Almonte, Rudecindo. Tendo: kufungiwa chooni. Matokeo: pointi tatu. Mashahidi?"

"Mimi!" alisema Doña Tatica.

"Na mimi," alisema Chago. Foleni ikajipanga yenyewe, ikazunguka uwanja mara mbili, watu wametulia, kila mmoja na kalamu yake. Nidhamu ya namna hiyo Kurugenzi ilikuwa haijapata kuiona.

"Upuuzi!" Meya alisema. "Mimi ni meya!"

"Bila kujali cheo," alisoma Polanco.

"Jinsia wala hali ya hewa!" foleni ikamalizia.

Meya aliitisha baraza usiku uleule kuifuta amri. Wajumbe wote tisa walikuwa wamekwishasaini kama mashahidi. Isitoshe Ibara ya Kumi, aliyoiweka mwenyewe ili wapinzani wasimchezee, ilikataza kubadilisha neno lolote kabla ya msimu kwisha. Na kuhusu Polanco, mwanasheria wa mji alitoa ushauri kwamba kutupa ufunguo kwenye mafuta nako ni tendo la bahati lenye mashahidi. Mwenye tendo anatakiwa awe mlangoni, hawezi kufukuzwa. Jumatatu alikwenda kazini kama kawaida. Barua hakupata. Jioni Nereida aliuchukua ule ufunguo, uliokaangika vizuri ukawa wa kahawia, akautundika kwenye msumari, akarudi nyuma hatua mbili kuutazama. "Umekaa vizuri," alisema. Siku ya mchezo alimshushia mumewe ule ufunguo, akaufunga kwenye leso.

Fainali ilianza Alhamisi mchana. Mheshimiwa alisindikizwa na bendi ya shule mpaka maliwato, akapewa mto wa kukalia na, safari hii, karatasi. Mlango ukafungwa, ufunguo ukaingia kwenye karai. Alikaa humo anasikiliza. Kimya. Kelele. Kimya tena. Halafu kishindo kikubwa kikatikisa bomba na kumdondoshea vumbi la dari kichwani, na sufuria zikaanza kulia mji mzima.

Ngo, ngo, ngo.

"Polanco? Polanco, ndugu yangu. Vipi huko? Tumeshinda?"

Karatasi ikapenyezwa chini ya mlango. Ilikuwa Fomu ya Ombi la Kufurahi. Mheshimiwa akaomba kalamu, ikapenyezwa pia. Akapiga magoti sakafuni, akajaza jina, anwani, na aina ya furaha anayoombea. Pale palipoulizwa sababu, alifikiri sana, mwishowe akaandika: sijui, nimo chooni.

Aliipenyeza. Nje Polanco aliisoma yote kwa makini, mstari kwa mstari, huku Doña Tatica akimmiminia kahawa. Kisha akairudisha chini ya mlango.

"Samahani, Mheshimiwa. Haina muhuri wa meya."