Mabenchi ya Daktari wa Meno, Asilimia Mia Moja

Jumatatu, 3 Machi

Msimamizi wetu wa karakana amestaafu leo. Ameaga, amekabidhi funguo, amekwenda zake. Koti lake la kazi limebaki msumarini nyuma ya mlango. Nimelijaribu wenzangu walipotoka kula. Mikono mirefu kidogo, lakini mabegani limenikaa barabara!

Shangazi, ambaye ndiye mwenye karakana, amesema wazi kwamba hanipi cheo kwa kuwa mimi ni mtoto wa kaka yake. Anatazama watu wawili: mimi, karani wa oda, na fundi wa vanishi. Kuna oda ya mabenchi manane ya chumba cha kusubiria cha daktari wa meno. Atakayeipanga vizuri ndiye atakayevaa koti.

Fundi wa vanishi namwita Subiri Kwanza. Ndilo neno lake. Ukimuuliza saa ngapi, atakuambia usubiri kwanza. Leo amechukua chaki akaandika mlangoni: Mabenchi ya daktari, Jumatano ijayo. Basi! Miaka kumi na tisa kazini, mpango wake wote ni mstari mmoja wa chaki.

Nalitaka lile koti. Sijapata kutaka kitu hivi tangu nioe.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata kiboko yake. Programu ya kupanga kazi, ya bure kabisa! Nimeipakua kwenye kompyuta ya ofisini. Unaandika kazi na siku zake, nayo inachora mstari wa rangi kwa kila kazi. Mishale inaonyesha ipi ifuate ipi. Ikikwisha, mstari unakuwa kijani. Ikichelewa, mwekundu. Mwisho wa yote kuna kialmasi, alama ya siku ya kukabidhi.

Asubuhi nzima nimechagua rangi.

Ya bure inapokea watu watano tu. Sisi tuko sita: Shangazi, mimi, maseremala wawili, dereva na Subiri Kwanza. Mmoja lazima abaki nje. Nimefikiri sana, kama sekunde mbili. Kazi ya vanishi nimejiandikia mwenyewe.

Shangazi, maseremala na dereva hawana barua pepe. Nimewafungulia akaunti zote kwenye simu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Kila nikimpangia mtu kazi, simu yangu inalia kunijulisha kwamba nimepangiwa kazi. Mara thelathini na moja. Zote nimezikubali kwa niaba yao. Sijawahi kuona timu yenye nidhamu namna hii.

Mchana programu imepiga hesabu ya siku zote na kutoa tarehe. Jumatano ijayo. Sawasawa na ile ya chaki! Nimekaa nikaitazama mpaka chai ikapoa.

Halafu nimegundua jambo. Mstari unavutika! Vanishi inapakwa mara tatu, na kila mkono unakauka kutwa nzima. Nimeshika mistari ya kukauka, nikaivuta kushoto, kila siku moja ikawa saa moja. Kialmasi kikaruka mpaka Jumamosi hii. Programu haikubisha. Subiri Kwanza angebisha mpaka jioni.

Nimemchapishia Shangazi. Wino mweusi umekwisha, kwa hiyo mistari yote imetoka rangi ya waridi. Amevaa miwani, akauliza kama vanishi yenyewe itakubali. Nimemwambia kila kitu kimeunganishwa kwa mishale. Akampigia daktari simu, akaahidi Jumamosi.

Alhamisi, 6 Machi

Maseremala wamemaliza mapema, bila kujua kwamba walikuwa na mistari. Kijani! Kijani!

Subiri Kwanza amesoma karatasi yangu, akacheka peke yake, kisha akaacha kucheka. Amekwenda kwa Shangazi kusema kwamba vanishi haikauki kwa saa moja hata ukiibembeleza. Shangazi amemjibu kwamba ameshatoa neno lake kwa mteja, afuate mpango. Basi akapaka mkono wa kwanza jioni, akasema asiguse mtu mpaka kesho jioni.

Wivu ni kitu kibaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mstari mwekundu asubuhi na mapema! Simu inalia mfululizo: nimechelewa, nimechelewa. Subiri Kwanza alikuwa ametoka kununua brashi. Nimepaka mkono wa pili mwenyewe, juu ya ule wa kwanza uliokuwa bado unanata. Baada ya saa moja, wa tatu. Miaka kumi na tisa kumbe kwa kazi ya nusu siku!

Amerudi, ameyatazama mabenchi, ameweka brashi mpya chini bila kuifungua. Amesema kwa sauti ya chini kwamba yakipelekwa, yasiguswe na kitu chochote, na daktari aambiwe mtu asiyakalie mpaka Jumatano. Nimemuahidi kwamba nitawajulisha wote wanaohusika. Nimeandika kwenye programu, ikatuma ujumbe kwa timu nzima. Simu yangu imelia mara tano.

Jumamosi, 8 Machi

Tumepeleka! Njia ina vumbi, kwa hiyo nimeyafunika mabenchi yote kwa magazeti ya zamani na kuyakaza kwa kamba. Dereva ameuliza kama ni sawa. Nimemwambia aangalie barabara.

Tumeyaacha kliniki yakiwa yamefungwa vile vile. Kialmasi kijani! Shangazi amesema Jumatatu twende wote kwenye ufunguzi wa chumba hicho cha kusubiria, na koti naweza kulichukua. Nimefika nalo nyumbani. Mke wangu amelipunguza mikono kwa cherehani. Huku akishona ameuliza kama hiyo programu imewahi kushika brashi. Hajui kompyuta, simlaumu.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika kwa shida.

Magazeti hayakutoka mazima. Yalitoka vipande vipande, na yaliyobaki hayakutoka kabisa. Benchi la karibu na mlango limegandwa na ukurasa wa matangazo ya vifo. Wagonjwa wa kwanza walisimama wakasoma majina, na mzee mmoja akasema jino lake limeacha kuuma, akaondoka.

Waliokaa walikaa kweli. Daktari aliita jina, mama mmoja akaitikia lakini hakuinuka. Daktari alidhani anaogopa, akaanza kumtuliza. Shangazi alikuwa amekaa pembeni ya mama huyo, na gauni lake jipya. Aliposimama kwenda kusaidia, kipande cha gauni kilibaki kwenye benchi. Nikavua koti langu kumfunika. Alilichukua bila kunitazama.

Daktari hata hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema ana viti vya plastiki stoo, na Jumatano ingemfaa tu. Alikubali Jumamosi kwa sababu Shangazi alisisitiza.

Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka moto.

Jumanne, 11 Machi

Subiri Kwanza ndiye msimamizi. Amelivaa koti, na kwa jinsi alivyo mrefu mikono inaishia karibu na viwiko. Hakuuliza kwa nini. Maseremala wameuliza, kwa kucheka sana.

Mabenchi yamerudishwa. Yote manane yapigwe msasa mpaka mbao, yapakwe upya. Shangazi ameagiza msasa nipige mimi, peke yangu, kwa mkono. Msimamizi mpya ameniletea glavu na kitambaa cha kuziba pua, akanionyesha jinsi ya kufuata nyuzi za mbao ili mkono usichoke. Ni dhahiri ananiogopa.

Kisha ameandika mlangoni kwa chaki: Msasa, siku sita.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya pili ya msasa. Vidole vimevimba. Benchi la kwanza halijafika nusu, na bado nasoma jina la marehemu mmoja.

Nimekaa nikatafakari kosa langu kwa kina, na nimelipata. Rangi! Ningechapisha kwa wino mweusi, Shangazi angeelewa uzito wa jambo. Vilevile watu watano ni wachache, ndiyo maana habari hazikumfikia daktari.

Wakati wa chai nimeingia ofisini, nikafungua mradi mpya. Msasa, siku sita. Nimeushika mstari, nikauvuta kushoto mpaka ukawa siku mbili. Haukubisha. Mbele yake nimeweka kialmasi cha mwezi ujao: koti. Kisha nikaandika asilimia mia moja, mabenchi yote manane yakawa kijani, na simu ikanipongeza.

Kesho asubuhi nitaendelea kuyapiga msasa, ingawa yameshakwisha.