Maikrowevu Moja, Watu Thelathini

Jumatatu, 12 Agosti
Supu ya baridi tena. Sheria inatupa nusu saa ya kula, mimi nimesimama foleni dakika ishirini na tatu. Kiwanda kizima cha kufungasha pichi, watu thelathini, maikrowevu moja ya kupashia chakula. Mbele yangu Efraín na tamale zake saba, yale madonge ya unga wa mahindi yaliyofungwa kwa maganda. Saba! Nikamwuliza kama anapasha na za majirani. Akaniambia nitulie, njaa haijamuua mtu foleni.

Jumanne, 13 Agosti
Nimepata dawa yao. Nimeandika kwa wino mwekundu, IMEHARIBIKA, nikabandika kwenye maikrowevu kabla ya kengele. Wakasonya, wakaenda kula baridi nje. Mimi? Supu ya moto, nimekaa kitako dakika ishirini na nane. Akili hizi sijui nimerithi kwa nani.

Jumatano, 14 Agosti
Balaa. Bi Hortensia, msimamizi wetu, kaliona tangazo. Kaagiza maikrowevu itupwe. Nimeitazama ikienda jalalani, nzima kabisa, na siwezi kufungua mdomo.

Alhamisi, 15 Agosti
Watu wamechemka. Mama Xiong wa kuchambua matunda, ambaye hasemi mpaka aulizwe, kayaondoa makoti tunayotundika juu ya bango la haki za wafanyakazi, kalisoma lote kwa sauti. Chakula nusu saa, kabla saa tano za kazi hazijatimia. Mapumziko dakika kumi kila saa nne. Muda huo ni wetu, kasema, twendeni ofisini.

Tukaenda wote. Nikajibanza nyuma ya Efraín. Bi Hortensia akainua karatasi yangu, akauliza huu mwandiko wa nani. Hapa nafukuzwa kazi. Efraín anaujua mwandiko wangu miaka sita. Akanitazama, kisha akamgeukia msimamizi: "Bi mkubwa, sisi tumekuja kuuliza tutakula saa ngapi."

Ningeweza kumbusu.

Ijumaa, 16 Agosti
Maikrowevu tatu mpya! Zamu mbili za chakula, na kengele ya mapumziko inalia kwa wakati. Efraín kanipa tamale mbili za moto. Tumekula tumekaa, tumecheka, na muda ukabaki. Nimeona aibu kweli. Nimeapa kubadilika.

Jumatatu, 19 Agosti
Maikrowevu ile ya dirishani inapasha haraka kuliko zile mbili, na Efraín keshaijua. Nimenunua wino mwingine. Safari hii nitaandika kwa mkono wa kushoto.